Safari ya Watoto Wenye Usonji Unguja



Wengi wetu tuliokulia Kajengwa, Nganani au Tasani tunamkumbuka japo mtoto mmoja wa namna hii. Kwetu alikuwa binamu yangu. Alikuwa akipanga makumbi ya nazi mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kisimani, na ukiondoa hata moja, kilio chake kinafika mtaa wa pili. Ukimwita haitiki, lakini gari ya mjini akiisikia kabla ya mtu yeyote. Bibi alimnywesha kombe. Wengine wakasema kaingiliwa na sheitani, apungwe. Mwisho akapelekwa hospitali mjini, akarudi na vidonge vya kumlaza. Hakuna aliyekuwa na jina la hali yake, na skuli hakwenda.

Jina lilikuwapo, ila mbali. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa hali hiyo huko Marekani mwaka 1943. Victor Lotter alipowatafuta Afrika, ripoti yake ya mwaka 1978 ilihusu miji 9 katika nchi 6, Kenya ikiwemo. Unguja haikuwamo. Neno "usonji" limeingia masikioni mwetu juzi juzi tu. Zamani tulikuwa na taahira, punguani na zezeta, na yote matatu yakimchoma mama mtu.

Elimu bure ilitangazwa Septemba 1964, na wengi wetu ndiyo iliyotusomesha. Kwa mtoto asiyesema, mlango huo ulichelewa sana kufunguka. Pahali palipotajwa haraka kwa kila aliyeonekana tofauti ni Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, ingawa usonji si wazimu.

Mabadiliko hayakuanzia ofisini. Mwaka 1985 watu wenye ulemavu wenyewe waliunda umoja wao, UWZ. Mwaka 1999 ikaanzishwa ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili na wazazi wao. Ikashirikiana na wenzao wa Norway, NFU, pamoja na Wizara ya Elimu, na katika miaka ya 2000 skuli za majaribio za elimu mjumuisho zikaanza kupokea watoto waliokuwa wakifichwa uani. Kulisoma jambo hili ni rahisi. Kulitenda maana yake mama amshike mwanawe mkono mchana kweupe, apite naye barazani penye watu, ampeleke akaandikishwe. Mimi naona hapo ndipo historia ilipogeuka, hata kuliko kwenye sheria.

Sheria nazo zilikuja: Namba 9 ya 2006, kisha Tanzania ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, kisha Sheria Namba 8 ya 2022.

Lakini sheria haipandi gari. Mtoto wa Makunduchi anayehitaji mtaalamu wa kumfundisha kuzungumza huelekezwa mjini, kilomita sitini na kitu, ndani ya 310 iliyojaa, honi na muziki juu, na yeye ni mtoto asiyestahimili kelele. Siku hiyo mama hashuki pwani kwenye mwani wake. Akifika huambiwa arudi wiki ijayo, na ni haki aambiwe hivyo, kwani mazoezi ya kusema hayafai kitu yakifanywa mara moja kwa mwaka. Hurudi mara mbili, mara tatu, kisha nauli humshinda.

Mwaka huu Jumuiya inachangisha kwa mambo mawili: gari ya kukodi kwa wazazi na watoto wanaokwenda mjini, na gharama za kumleta mtaalamu Makunduchi kila mwezi, akae na walimu na wazazi awafundishe mazoezi ya kufanya nyumbani.

Binamu yangu sasa ana mvi, na makumbi bado anapanga. Kwa wadogo waliopo leo, majina yanaandikwa kwa masheha. Mzazi ambaye hajaandikisha na aende, na mtoto aende naye.