Saa ya kurushwa na desturi za watazamaji: Nini huipandisha au kuishusha tamthilia ya televisheni?

Mwezi Juni jua huzama Mombasa saa kumi na mbili na robo hivi jioni. Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huzama saa moja na dakika tano au zaidi kidogo. Miji hiyo miwili hufuata saa moja ile ile ya Afrika Mashariki, na kituo cha satelaiti kinachotangaza tamthilia ya saa moja na nusu huirusha katika miji yote miwili kwa dakika ile ile. Mombasa giza limekwishatanda kwa muda wa saa nzima na familia imeketi. Arua mwanga wa machweo ungali unaonekana, maduka hayajafungwa na wapo ambao bado wako njiani kutoka shambani.

Tofauti hiyo ya kama dakika 45, ambayo mwezi Desemba hupungua hadi chini ya nusu saa, haionekani katika karatasi ya ratiba. Hata hivyo huonekana katika hesabu ya watazamaji, na hesabu hiyo ndiyo inayowaongoza watangazaji wa biashara wanapoamua fedha zao ziende wapi. Tamthilia yenye hadithi nzuri iliyowekwa saa mbaya inaweza kufutwa ikaonekana kuwa haikupendwa, ilhali waliokusudiwa kuitazama hawakuwa mbele ya televisheni.

Namna watazamaji wanavyohesabiwa

Takwimu za watazamaji hutolewa kwa vipimo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Cha kwanza ni asilimia ya watu wote wenye televisheni waliotazama kipindi fulani. Cha pili ni mgao, yaani asilimia ya wale tu waliokuwa wamewasha televisheni wakati huo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mtaa wenye nyumba 100 zenye televisheni. Saa mbili usiku nyumba 40 zimewasha, na 20 kati yake zinatazama tamthilia. Asilimia yake ni 20 na mgao wake ni 50. Tamthilia hiyo hiyo ikihamishiwa saa tano usiku, nyumba zilizowasha ni kumi tu, na nane zinaitazama. Mgao umepanda hadi 80 lakini asilimia imeshuka hadi nane. Msimamizi wa kituo anayetaka kujisifu atataja mgao. Mwenye kiwanda cha sabuni anayelipia tangazo atauliza idadi ya watu.

Nchini Uingereza shirika la BARB, lililoanzishwa mwaka 1981, hutumia vifaa vilivyofungwa katika nyumba za mfano, na huongeza katika hesabu wale waliorekodi kipindi wakakitazama siku za baadaye. Afrika Mashariki hesabu hutegemea zaidi maswali: wahoji wanaopita nyumba kwa nyumba, au ujumbe mfupi wa simu kama ule wa kampuni ya GeoPoll, iliyoanza kuutumia katika kanda hii katikati ya muongo uliopita. Swali la simu lina wepesi wake. Ila humfikia mwenye simu iliyo na chaji, anayeielewa lugha ya swali na anayekumbuka alichokitazama jana.

Katikati ya taarifa mbili za habari

Mfano ulio wazi zaidi katika kanda hii unatoka Nairobi. Citizen TV hurusha taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja usiku na ya Kiingereza saa tatu. Nafasi iliyo katikati ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu mtazamaji wa habari za kwanza yuko tayari kitini, na anayesubiri habari za pili hana sababu ya kuhama. Hapo ndipo tamthilia ya Maria ilipowekwa kuanzia mwaka 2019, saa moja na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa. Zora na Sultana zilizoifuata zilirithi kiti hicho hicho.

Mpango huu si uvumbuzi wa Kenya. Kituo cha TV Globo cha Brazil kimejenga himaya yake ya tamthilia kwa namna hiyo hiyo kwa miongo mingi: tamthilia ya jioni mapema, nyingine baada yake, taarifa ya habari ya taifa, kisha tamthilia kuu ya usiku. Habari huvuta watu wa rika zote. Tamthilia huwazuia wasiondoke.

La pili lililoisaidia Maria ni kurushwa kila siku. Tamthilia ya mara moja kwa wiki, kama ilivyokuwa Papa Shirandula kwenye kituo hicho hicho tangu mwaka 2007, humtaka mtazamaji akumbuke siku. Ya kila siku hugeuka kuwa sehemu ya jioni, sawa na chakula na kuosha vyombo, na aliyekosa sehemu moja husimuliwa na jirani asubuhi. Papa Shirandula iliweza kudumu kwa sababu kila kisa chake kilijitosheleza: ukikosa wiki mbili hukupotea. Hadithi ya mapenzi na urithi inayoendelea kwa miezi haina anasa hiyo.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna mpanga ratiba aliyelitarajia. Tarehe 27 Machi 2020 Kenya ilianza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja usiku kwa sababu ya janga la corona, na siku chache baadaye Uganda nayo ikaweka amri yake kuanzia saa hiyo hiyo. Tamthilia iliyokuwa ikianza saa moja na nusu ikawakuta watu wazima, vijana na watoto wote wamefungiwa nyumbani, baa zimefungwa na ligi za soka zimesimama. Maria ilikuwa na waigizaji waliopendwa na hadithi iliyosukwa vyema, lakini hakuna anayeweza kueleza umaarufu wake wa mwaka huo bila kuitaja amri hiyo.

Kisa kilicho kinyume chake kinafahamika sana Marekani. Mwaka 1968 kituo cha NBC kilihamishia tamthilia ya Star Trek Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana walioipenda walikuwa matembezini. Mwaka 1969 ikafutwa. Katika muongo uliofuata vituo vidogo viliinunua na kuirudia jioni mapema, vijana waliporejea kutoka shuleni, na sehemu zile zile zilizokuwa zimeshindwa zikaanzisha mojawapo ya hadithi zilizodumu zaidi katika historia ya televisheni. Hakuna neno lililobadilishwa katika hati ya mchezo. Kilichobadilika ni saa.

Arua na Koboko: umeme, mpira na mpaka

Katika mkoa wa West Nile, ratiba ya televisheni kwa muda mrefu iliandikwa na umeme. Kampuni ya WENRECO ilikabidhiwa usambazaji mwaka 2003, na mji wa Arua ukawa unategemea jenereta. Mtambo wa maji wa Nyagak, wilayani Zombo, ulianza kufanya kazi mwaka 2012 ukiwa na uwezo wa megawati 3.5. Ni mwaka 2024 tu ndipo mkoa huu ulipounganishwa na gridi ya taifa. Miaka hiyo yote, tamthilia iliyokatika katikati kwa sababu ya umeme haikuweza kumjengea mtazamaji mazoea, na mazoea ndiyo mtaji wa tamthilia.

Kwa kulinganisha, tarehe 4 Julai 1990, mikwaju ya penalti kati ya England na Ujerumani Magharibi ilipokwisha, Waingereza walisimama kwa pamoja kuchemsha chai, na mahitaji ya umeme yakapanda ghafla kwa megawati 2,800. Hiyo ni mara 800 ya uwezo wa Nyagak. Huko wasimamizi wa gridi walijifunza kuisoma ratiba ya tamthilia ili wajue saa ya kuongeza umeme. West Nile ilikuwa kinyume: mtazamaji ndiye aliyejifunza kuisoma ratiba ya umeme ili ajue kama ataiona tamthilia.

Wasio na umeme nyumbani wamekuwa na kibanda cha video, ambapo mtu hulipa kiasi kidogo akaketi kwenye benchi. Lakini kibanda kina upendeleo wake. Mchana hucheza filamu zilizosimuliwa kwa Kiganda na wasimulizi maarufu kama VJ Jingo na VJ Junior, na jioni hugeuka uwanja wa mpira. Watazamaji wake wengi ni wanaume na vijana. Tamthilia ya kila siku hutazamwa kwingine: sebuleni, dukani, saluni, au kwa jirani mwenye sola na kisimbuzi.

Mpira wenyewe una saa inayohama, jambo ambalo wapanga ratiba wa Afrika Mashariki hulazimika kulikumbuka mara mbili kwa mwaka. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinazoanza saa tatu usiku katika nchi nyingi za bara hilo huonekana Arua saa nne usiku majira ya kiangazi ya Ulaya, na saa tano majira ya baridi. Zile za mapema huanza saa mbili kasoro robo au saa tatu kasoro robo. Hivyo tamthilia ya saa mbili hadi saa mbili na nusu inaweza kuwa salama mwezi Januari kwa karibu robo saa, kisha, saa za Ulaya zikisogezwa, ikajikuta imegongana na kipindi cha kwanza cha mechi. Mwenye rimoti katika nyumba yenye televisheni moja ndiye huamua mshindi. Utafiti unaohoji mtu mmoja tu katika nyumba hiyo huenda usimkute mama aliyeshindwa katika mabishano hayo.

Koboko, kama kilomita 55 kaskazini mwa Arua, inapakana na nchi mbili, na hapo saa yenyewe hubadilika. Mashariki mwa Kongo hutumia saa iliyo nyuma ya ile ya Uganda kwa saa moja. Sudan Kusini ilikuwa sawa na Uganda hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Tangu siku hiyo, tamthilia inayoanza saa mbili usiku Oraba, upande wa Uganda, huanza saa moja Kaya, hatua chache ng'ambo ya mpaka. Kwa mujibu wa jua hakuna kilichobadilika: giza ni lile lile. Lakini soko, ofisi na shule hufuata saa ya serikali, na kwa hiyo jioni ya mfanyabiashara wa Kaya au wa Ariwara haianzi sambamba na ya mwenzake wa Koboko anayetazama satelaiti hiyo hiyo. Matangazo ya vituo vya satelaiti hulazimika kutaja saa mbili tofauti kwa kipindi kimoja.

Ramadhani huongeza safu nyingine. Koboko, Arua na hasa Yumbe zina Waislamu wengi. Mfungo unapoangukia Februari au Machi, Mombasa adhana ya isha hutolewa kabla ya saa mbili usiku, na tarawehe huichukua hadhira ya tamthilia ya saa moja na nusu. Arua, kwa kuwa jua huchelewa, isha huja baada ya saa mbili, na nusu saa hiyo hiyo huangukia kati ya futari na msikiti. Kipindi kinachopoteza watazamaji Pwani kinaweza kuwapata West Nile, bila kuhamishwa hata dakika moja.

Wasiohesabiwa

Tangu Uganda ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwaka 2015, kisimbuzi kimekuwa mlango wa lazima, na idhaa zimeongezeka. MultiChoice ilianzisha Pearl Magic mwaka 2018, kisha Pearl Magic Prime mwaka 2021 ikiwa na tamthilia za Kiganda na Kiingereza kama Sanyu na Prestige. Maisha Magic na Azam TV huleta Kiswahili, lugha ambayo Arua na Koboko imekuwa ikizungumzwa sokoni na kambini tangu enzi za jeshi la kikoloni. Vituo hivi hurudia kila sehemu mara kadhaa, asubuhi, mchana na mwisho wa wiki.

Marudio ni jambo ambalo wachambuzi wa Kampala na Nairobi hulipuuza mno. Kwa mwenye duka la nguo katika soko la Arua, marudio ya mchana ndiyo onyesho la kwanza, kwa kuwa jioni yumo njiani. Kwa kijana mwenye simu, onyesho la kwanza ni kipande kilichonakiliwa au kutumwa, ambacho hakimo katika hesabu yoyote. Kituo kinachopima saa mbili usiku pekee kitahitimisha kwamba West Nile haitazami tamthilia zake.

Hitimisho hilo lina gharama. Tangazo hulipiwa kulingana na idadi, tamthilia hutengenezwa kulingana na matangazo, na lugha ya tamthilia hufuata mahali inapodhaniwa kuwa watazamaji wapo. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, iko kama kilomita 480 kwa barabara kutoka Kampala, na Kilugbara na Kikakwa husikika kila siku katika redio zake, ikiwemo Radio Pacis iliyoanza mwaka 2004. Redio ilifika huko kwa sababu mtambo wake ni wa bei nafuu na msikilizaji huisikia akiwa shambani, bila kungoja saa mbili. Tamthilia ya televisheni ya kila siku huhitaji waigizaji, seti, kamera na mdhamini wa miezi mingi. Mdhamini huyo, kabla ya kutia saini, huomba jedwali la watazamaji wa saa za jioni.