Mwuza Dawa na Kosa la Zamani

Mtu aombaye leseni ya kuuza dawa katika jimbo la California, Marekani, hutakiwa kwanza kutoa alama za vidole. Alama hizo hupelekwa kwa Idara ya Sheria ya jimbo na kwa wapelelezi wa taifa, ili ijulikane kama amewahi kupatikana na hatia. Usione ajabu, ewe msomaji. Mwuza dawa hukabidhiwa ufunguo wa kabati lenye mofini na sumu, na akiwa mdanganyifu, mgonjwa hana njia ya kujua. Lakini je, aliyekwisha kutumikia kifungo chake ni haki aadhibiwe tena kwa kunyimwa kazi?

Swali hili liliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1898. Aliyelifikisha huko hakuwa mwuza dawa bali daktari, Benjamin Hawker wa New York. Mwaka 1878 alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kosa la kumtoa mwanamke mimba. Miaka 15 ikapita, na mwaka 1893 jimbo likatunga sheria ya kumkataza mtu aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa asitibu watu. Hawker alitibu, akashitakiwa. Alijitetea kwamba sheria hiyo ilizaliwa baada ya kosa lake, na katiba ya nchi yake hairuhusu adhabu ya kurudi nyuma.

Majaji 6 walimkatalia. Jaji Brewer alieleza kwamba elimu peke yake haimtoshi tabibu. Tabia njema nayo ni sharti, na hukumu ya zamani ni ushahidi wa tabia. Majaji 3 hawakukubali. Harlan, aliyeandika kwa niaba yao, aliona kuwa hiyo ni adhabu mpya iliyoongezwa juu ya ile iliyokwisha kulipwa, wala sheria haikujali kama mtu amejirekebisha. Kwa neno hilo la mwisho naona Harlan alisema kweli, ingawa dawa yangu mwenyewe nisingependa ipimwe na mtu asiyechunguzwa.

Hoja ya walioshindwa haikufa. Mwaka 2018 California ilitunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2020. Kwa jumla, bodi za leseni, pamoja na ile ya wauza dawa, haziwezi tena kumnyima mtu leseni kwa sababu ya hukumu iliyopita miaka 7, isipokuwa kwa makosa mazito yaliyotajwa. Na kosa lenyewe sharti liwe na uhusiano na kazi aiombayo. Alama za vidole hutolewa vile vile kama kwanza, ila sasa bodi huitazama pia tarehe ya hukumu.