Daftari la Nyimbo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huambiwa wafanyabiashara, lakini naona yafaa zaidi kwa wimbo. Wimbo ni mali isiyoshikika. Ukishaimbwa umekwisha, na asipokuwapo wa kuukumbuka, umekufa.

Katika kwaya nyingi za Tanzania, daftari hilo limekuwa nota za do-re-mi. Zilibuniwa Uingereza na Sarah Glover, zikaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisheni wakazisambaza Afrika. Mwaka 1897 huko Afrika Kusini, mwalimu Enoch Sontonga alizitumia kutunga wimbo ambao tuni yake tunaisimamia wima tangu uhuru wa 1961. Tazama basi, msomaji, nguvu ya herufi chache! Karatasi ile haikuwa na sauti ndani yake. Ilikuwa na maagizo tu: imba hii, kisha ile, kwa muda huu. Sauti ilitolewa na vinywa vya watu.

Baadaye ukaja utepe. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga kwa pamoja, na utepe ukanasa sauti yenyewe. Aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo.

Mwaka 1983 daftari la maagizo lilirudi kwa sura mpya. Katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, mwezi Januari, vinanda viwili vya makampuni tofauti viliunganishwa kwa waya. Kimoja kikapigwa, kingine kikaitikia. Lugha iliyoviwezesha kuelewana ni MIDI, iliyosukumwa mbele na Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. MIDI nayo haina sauti. Ni namba tu: nota gani, kati ya 0 na 127, imebonyezwa lini, kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Kwa hakika ni do-re-mi iliyoandikwa kwa ajili ya mashine.

Nimewatazama vijana wakiifanya kazi hiyo. Kwanza kijana huweka sauti tatu zinazolia pamoja, do-mi-so; kisha fa-la-do, kisha so-ti-re, halafu hurudi nyumbani kwenye do. Huziacha zizunguke. Juu yake hubonyeza tuni kwa kidole kimoja, na nota iliyochelewa huivuta mahali pake bila kumsumbua mtu. Programu kama FruityLoops, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997, ziliifanya kazi hii iwezekane chumbani, na muziki wa Bongo Fleva ukanufaika sana. Mwanakwaya hatashangaa: sauti ya kwanza juu, ya pili, ya tatu na ya nne chini yake, ndiyo hesabu ileile.

Hapa ndipo penye neno langu kwa watu wa Ugweno, kule kaskazini mwa Milima ya Upare. Kigweno si Chasu. Ki jirani zaidi na Kichaga, na wasemaji wake wanapungua kwa kuwa vijana huzungumza Chasu na Kiswahili. Tena ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Ukitanguliza zile sauti tatu, kisha ukalazimisha maneno ya bibi yako yafuate tuni iliyokwisha pangwa, huenda ukapata wimbo mtamu wenye maneno yaliyopinda. Na nota ukizinyoosha zote zikalingana, umeondoa pia ile kuchelewa kidogo ambayo mwimbaji aliikusudia.

Silaumu mashine. Kalamu haikuua hadithi. Nasema tu mpangilio ugeuzwe: kwanza mzee arekodiwe kwa sauti yake, aimbe atakavyo, kisha tuni ifuatishwe kwa kinanda nota kwa nota, mwisho ndipo zije sauti za kuisindikiza. Kijana atayekuja baadaye ataweza kubadilisha vyombo na mwendo apendavyo, maana maagizo hubadilika kwa urahisi. Lakini sauti ya mzee haipatikani tena akishaondoka, na hakuna namba kati ya 0 na 127 iwezayo kuirudisha.