Nafsi na imani
Ni hali ya mtu kuishika imani hadi iwe sehemu ya utu wake, kiasi kwamba anayeipinga huonekana anampinga yeye. Mfano wake mashuhuri ni wafuasi wa William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani, waliomngoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Huko New Ipswich, New Hampshire, mkulima mmoja aliacha viazi vyake ardhini, shamba lenyewe liwahubirie majirani.

Kesho yake kulipambazuka kama kawaida, Kristo hajarudi.

Walilia, na uchungu ule haustahili kubezwa: kukiri kosa ni kupoteza heshima na jamaa wa imani. Wengi waliiacha imani hiyo. Wachache waliishikilia tarehe ila wakaibadili maana, wakisema kwamba tukio walilolingoja lilifanyika mbinguni. Kwao lilichipuka Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi 1863.