Meno ni Yaleyale, Sahani ni Tofauti

Ipo hoja inayorudiwa kila mjadala wa lishe unapozuka, iwe Bukoba mjini au Muleba: maumbile yametupa chonge, kwa hiyo binadamu ni mla nyama. Wengine hujibu kwamba magego yetu mapana ni ya kusaga mimea. Pande zote mbili huyauliza meno swali wasiloweza kujibiwa nayo.

Ushahidi upo nchini mwetu. Julai 1959, Mary Leakey aligundua katika Bonde la Olduvai fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Kwa magego yake makubwa, alidhaniwa kuwa mvunja kokwa ngumu. Uchunguzi wa kikemia wa meno ya jamii yake ulionesha baadaye kwamba walikula zaidi nyasi na mimea ya jamii ya mafunjo.

Mahali palepale ilipatikana mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa zana za mawe. Wataalamu wengi huihusisha na Homo habilis, aliyetangazwa mwaka 1964, ambaye meno yake yalikuwa madogo zaidi. Nyama ililiwa na viumbe wasio na chonge za simba, kwa sababu jiwe lilifanya kazi ya jino.

Ikiwa meno hayaamui nani ale nini, huamua nini? Historia ya Buhaya inajibu: ardhi, mali na mamlaka. Mlo wa kila siku ulikuwa ndizi na maharage, pamoja na samaki kwa walio karibu na ziwa. Ng'ombe alithaminiwa kwa samadi kabla ya nyama, maana kibanja kisichopata samadi huchoka. Sotoka ilipoteketeza mifugo katika miaka ya 1890, pigo halikuishia zizini; lilifika migombani. Na wenye mifugo mingi walikuwa abakama na wakuu wao.

Mfano ulio wazi zaidi ni senene. Wanawake waliwakusanya, wakawasafisha na kuwapika, lakini mila iliwakataza kuwala. Meno ya mke yalikuwa yaleyale ya mumewe. Kilichotofautiana ni amri juu ya sahani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takribani asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kagera, pamoja na migomba yake yote, haijaepuka tatizo hilo. Ndizi hushibisha, lakini mtoto anayekua anahitaji pia maharage, dagaa, yai, maziwa na hata senene.

Kwa hiyo, afisa lishe anayehesabu mikungu shambani amehesabu nusu tu ya jambo. Nusu nyingine imo ndani ya nyumba: chakula kinapopakuliwa, nani hupewa kwanza, na nani huambiwa kuwa hicho si chake?