Uzee na Afya ya Wazee: Utafiti wa Kisayansi Afrika Mashariki

Uzee ni kipindi cha umri ambapo mwili hupoteza polepole uwezo wake wa kujikarabati, na hatari ya maradhi, ulemavu na kifo huongezeka. Umoja wa Mataifa huhesabu wazee kuanzia miaka 60, na ndiyo hesabu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa ametimiza miaka 60, na kufikia 2050 wazee watakuwa bilioni 2.1, wanane kati ya kila kumi wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa uliutangaza muongo wa 2021–2030 kuwa Muongo wa Kuzeeka kwa Afya Njema.

Swali kuu la utafiti wa uzee ni moja: katika yale yanayompata mzee, lipi linatokana na umri wenyewe na lipi ni maradhi yanayoweza kuzuiwa au kutibiwa? Sehemu muhimu ya majibu imepatikana Afrika Mashariki, katika nyika kavu za Somalia, Ethiopia na Kenya, kando ya Ziwa Eyasi, na katika vijiji vya Kilimanjaro.

Kuzeeka kwa seli

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Marekani walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika kati ya mara 40 na 60, kisha huacha. Baadaye ilibainika kwamba seli inapogawanyika, ncha za kromosomu zake, ziitwazo telomea, hufupika. Kwa ugunduzi kuhusu telomea, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel ya 2009.

Mwaka 2013 Carlos López-Otín wa Hispania na wenzake walipanga alama tisa za kuzeeka, na mwaka 2023 wakazifikisha 12. Miongoni mwake ni uharibifu wa DNA, udhaifu wa mitokondria, mabadiliko ya bakteria wa utumbo, na kulimbikizana kwa seli kongwe ambazo haziendelei kugawanyika wala hazifi, bali hutoa kemikali zinazochochea uvimbe (inflamesheni) mwilini. Mwaka huohuo wa 2013 Steve Horvath alitangaza kipimo kinachokadiria umri wa mwili kwa kusoma alama za kikemikali zilizo juu ya DNA. Vipimo vya aina hii vimeonyesha kwamba watu wawili wa miaka 70 wanaweza kuwa na miili ya umri tofauti.

Dawa nazo zinajaribiwa. Mwaka 2009 ilionekana kwamba dawa iitwayo rapamisini iliongeza umri wa panya hata walipoanza kupewa wakiwa na siku 600, yaani tayari wazee. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kurefusha umri wa binadamu kwa kupunguza kasi ya kuzeeka kwenyewe, na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi hiyo havina ushahidi wa kutosha.

Fuko asiye na manyoya

Mnyama aliyewashangaza zaidi watafiti wa uzee ni fuko asiye na manyoya (*Heterocephalus glaber*), anayeishi chini ya ardhi katika maeneo makavu ya Somalia, Ethiopia, Djibouti na Kenya. Ana ukubwa wa panya mdogo, lakini akitunzwa huishi zaidi ya miaka 30, wakati panya wa maabara kwa kawaida huishi miaka 2 hadi 3. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis, aliyewachunguza wanyama waliokamatwa Kenya, alieleza kwamba huishi kwa makundi yenye jike mmoja tu anayezaa, mfano wa nyuki.

Tangu 1825, Benjamin Gompertz alipochapisha hesabu zake, imejulikana kwamba hatari ya binadamu mtu mzima kufa huongezeka maradufu kila baada ya miaka michache, takriban minane. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake, baada ya kupitia kumbukumbu za zaidi ya wanyama 3,000, waliripoti kwamba kwa fuko huyu hatari hiyo haipandi kadiri anavyoongeza miaka. Saratani kwake ni nadra sana. Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester waliihusisha kinga hiyo na asidi ya hialuroni yenye molekuli kubwa iliyojaa katika tishu zake. Mwaka 2023 kundi lao lilitangaza kwamba panya waliopandikizwa jeni ya kutengeneza asidi hiyo walipata uvimbe (inflamesheni) mdogo zaidi mwilini, na umri wao wa kati ukaongezeka kwa asilimia 4.4. Ongezeko ni dogo, lakini lilithibitisha kwamba siri ya mnyama mmoja inaweza kuhamishiwa kwa mwingine.

Wazee wa Wahadzabe

Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni miongoni mwa jamii chache zilizoendelea kutegemea uwindaji, asali, matunda na mizizi. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walianza kufanya kazi nao miaka ya 1980. Waliona kwamba bibi waliokwisha acha kuzaa walichimba mizizi kwa saa nyingi, na kwamba mama anaponyonyesha mtoto mchanga, uzito wa mtoto wake mkubwa ulihusiana na kazi ya bibi. Kutokana na hayo, mwaka 1998 walitoa nadharia kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya kukoma hedhi yalijengeka katika historia ya binadamu kwa sababu bibi waliwaokoa wajukuu. Wako wanaoipinga kwa hoja kwamba akina baba na babu nao walichangia sana, lakini imebaki kuwa moja ya nadharia zinazojadiliwa zaidi kuhusu asili ya uzee.

Utafiti huo ulirekebisha pia kosa la zamani la kudhani kwamba watu wa kale hawakufika uzeeni. Wastani wa umri wa kuishi wa jamii kama hizi ni mdogo kwa kuwa watoto wengi hufa wachanga. Mhadzabe aliyefika miaka 45 anaweza kutarajia kuishi karibu miaka 20 zaidi. Wazee walikuwepo daima.

Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake walipima mapigo ya moyo ya Wahadzabe katika shughuli za kila siku. Walikuta kwamba hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika kazi za wastani au nzito, na kwamba hawapunguzi sana wanapozeeka, ilhali WHO humtaka mtu mzima afanye walau dakika 150 kwa wiki nzima. Shinikizo la juu la damu lilikuwa nadra kwao. Utafiti wa 2020 uliongeza jambo lisilotarajiwa: Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa nchi tajiri, ila mara nyingi hupumzika wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi.

Usingizi nao ulichunguzwa. David Samson aliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20, na muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu kwa jumla. Umri ulichangia tofauti za nyakati zao za kulala. Watafiti walipendekeza kwamba usingizi mwepesi wa wazee huenda ulikuwa ulinzi wa kambi. Kwa hiyo mzee anayeamka alfajiri kabla ya wengine si lazima awe mgonjwa.

Presha na kiharusi: ushahidi wa Hai

Wilaya ya Hai, katika miteremko ya Kilimanjaro, imekuwa kituo muhimu cha utafiti wa wazee tangu miaka ya 1990, ulipoanza mradi wa kuhesabu watu na kuchunguza sababu za vifo vya watu wazima katika Hai, Dar es Salaam na Morogoro. Madaktari wa Kitanzania wamefanya kazi huko pamoja na Richard Walker na wenzake kutoka kaskazini mwa Uingereza. Hesabu za mradi huo ziliwashtua wengi kwa kuonyesha kwamba viwango vya vifo vya kiharusi vilikuwa vikubwa kuliko vya Uingereza na Wales kwa watu wa umri uleule.

Kati ya 2003 na 2006 walihesabiwa wagonjwa wapya wa kiharusi. Baada ya kusawazisha umri, ilipatikana idadi ya watu 108.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Kiwango cha jiji kilizidi vile vya nchi nyingi tajiri. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa 2013, uliyataja shinikizo la damu, uvutaji sigara na maambukizi ya VVU miongoni mwa visababishi.

Mwaka huohuo wa 2013 yalitolewa matokeo ya vijiji sita vya Hai: kati ya wazee zaidi ya 2,200 wa miaka 70 na kuendelea, karibu asilimia 70 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawakuwa wakijua, wachache walitumia dawa, na wachache zaidi presha yao ilikuwa imedhibitiwa. Ukiweka matokeo haya kando ya yale ya Wahadzabe, jibu linajitokeza: presha ya juu huongezeka na umri mahali pengi, lakini si lazima izaliwe na umri. Chumvi, uzito, mwendo wa maisha na kukosa vipimo vina sehemu kubwa. Dawa za presha ni za zamani, nyingi ni za bei nafuu, na huzuia kiharusi hata kwa wenye miaka 80.

Kumbukumbu na akili

Demensia ni kundi la maradhi ya ubongo yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu, lugha na uwezo wa kujihudumia. Familia nyingi huiita uzee tu, na baadhi ya wagonjwa hudhaniwa wamerogwa au wao wenyewe hushukiwa uchawi. Mwaka 2013 utafiti wa Hai miongoni mwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi ulikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa nayo, kiwango kinacholingana na cha nchi za Ulaya. Ugonjwa wa Parkinson ulichunguzwa wilayani humo pia, na wengi waliopatikana nao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Vipimo vya kumbukumbu vya kigeni humtaka mzee asome, aandike au achore, na hivyo humhukumu asiyekwenda shule. Watafiti waliofanya kazi Tanzania na Nigeria walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA kisichohitaji kusoma wala kuandika: mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano na kukumbuka maneno aliyotajiwa. Hai pia palijaribiwa tiba ya vikundi, ambapo wagonjwa 34 walikutana kuzungumza, kuimba na kufanya shughuli za kuchangamsha akili. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa kufikiri na katika wasiwasi.

Dawa mpya za kupunguza kasi ya ugonjwa wa Alzheimer ukiwa mchanga, zilizoidhinishwa Marekani tangu 2023, zina faida ya kiasi tu na huhitaji picha za ubongo na uangalizi wa karibu. Kinga ina uzito zaidi. Mwaka 2024 tume ya jarida la *Lancet* ilitaja mambo 14, yakiwemo elimu ndogo, presha, kisukari, uoni hafifu usiotibiwa, kupungua kwa usikivu na upweke, na kukadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya demensia ingezuilika au kucheleweshwa.

Macho na miguu

Kushindwa kuona vitu vya karibu huanza takriban miaka 40. Utafiti wa Zanzibar uliochapishwa 2010 ulikuta tatizo hilo kwa karibu watu 9 kati ya 10 wa umri huo na zaidi, na chini ya mmoja kati ya watano wao ndio waliokuwa na miwani inayowafaa. Anayeshona, anayechambua mchele au anayesoma msahafu hupoteza kazi na ibada yake kwa kukosa kifaa cha bei ndogo.

Kuhusu miguu, jaribio la Marekani lililotangazwa 2014 liliwahusisha watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 wasiokuwa na mazoea ya mazoezi. Waliofundishwa kutembea na kuimarisha misuli walipunguza kwa asilimia 18 hatari ya kushindwa kutembea mita 400.

Sera na kipato

Afya ya mzee hutegemea pia fedha. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70, awali shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye 50,000. Kenya hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 kupitia Inua Jamii, na Uganda hulipa shilingi 25,000 kwa wenye miaka 80. Tanzania ilipitisha Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Michigan wameanzisha utafiti wa kuwafuatilia watu wa miaka 45 na zaidi kwa muda mrefu.

Pwani ya Wabajuni

Hali ni ngumu zaidi katika nchi jirani ya Somalia, ambayo haijafanya sensa ya taifa tangu miaka ya 1980. Wazee wa visiwa vya Wabajuni katika pwani ya kusini ya nchi hiyo, kama Koyama, Chovai, Chula na Darakasi, wamepitia vita na uhamisho. Baada ya 1991 wengi wa jamii hiyo walikimbilia Kenya, na wengine Ulaya. Hospitali iko Kismayo, safari ya chombo inayokuwa ngumu wakati wa kusi. Lakini yaliyothibitishwa Hai na Zanzibar hayahitaji hospitali kubwa. Kipimo cha presha hutumia betri, miwani hubebwa mkobani, na maswali ya IDEA yanaweza kuulizwa kwa Kibajuni na kijana wa palepale aliyefunzwa.

Umri pekee hautoshi kueleza kiharusi, upofu au kupotewa na kumbukumbu. Kila mzee anastahili kupimwa presha, macho na kumbukumbu kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba ni uzee tu.