Waliotuletea Injili na Watoto Wao

Usharika wa zamani unapoadhimisha jubilei, majina matatu ya mbali husomwa mbele ya madhabahu: Leipzig, Berlin na Herrnhut. Wamisionari wa Berlin na wa Herrnhut waliingia nyanda za juu za kusini mwaka 1891. Wale wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Tumezoea kuyasikia majina hayo kama tunavyosikia Antiokia na Korintho, miji ya watu walioamini zamani. Ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza wajukuu wa wale waliowatuma wamisionari wako wapi Jumapili asubuhi.

Wengi wako nyumbani. Leipzig na Herrnhut, pamoja na upande mmoja wa Berlin, vilikuwa ndani ya ile dola tuliyoiita Ujerumani Mashariki, iliyoundwa Oktoba 1949. Mwaka 1950 karibu watu wanane kati ya kumi katika nchi ile walikuwa washarika wa makanisa ya Kiprotestanti. Ilipofika mwaka 1989 walikuwa wamebaki kama robo. Leo sehemu ile ya Ujerumani ni miongoni mwa mahali pa dunia ambapo wasio na dini yoyote ni wengi kuliko waumini. Babu aliyebatizwa, aliyejua nyimbo zetu zote kwa moyo, ana mjukuu asiyejua Baba Yetu.

Huwa tunajibu haraka: Wakomunisti walifunga makanisa. Lakini kengele ziligongwa miaka yote 40. Wavulana wa kwaya ya kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig waliendelea kuimba kazi za Bach. Matarumbeta yalipigwa Krismasi, ndugu wa matarumbeta yale tuliyorithi sisi huku Kilimanjaro. Ni kweli yapo makanisa yaliyobomolewa. Kanisa la Chuo Kikuu cha Leipzig, lililokuwa limepona mabomu ya vita, lililipuliwa kwa baruti tarehe 30 Mei 1968. Ila waliolia siku ile hawakuacha imani kwa sababu ya mawe kuanguka. Imani ilikuwa imeshaanza kutoka mahali pengine, ndani ya nyumba, na mlango uliotumika ulikuwa mtoto wa miaka 14.

Mwanzoni serikali ilitumia nguvu. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 1953 wanafunzi waliokuwa katika vikundi vya vijana vya sharika walifukuzwa shule za sekondari, wakaitwa vibaraka wa Magharibi. Wazazi hawakuyumba, na vijana wengi walikubali kufukuzwa kuliko kuweka saini ya kujitoa. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo serikali ililegeza kamba, ikakubali waliofukuzwa warudishwe. Wiki moja baadaye wafanyakazi wakaasi nchi nzima, na wakuu wakaona kwamba fimbo ya wazi huwaunganisha watu.

Mwishoni mwa mwaka 1954 likatangazwa jambo jipya, na sherehe za kwanza zikafanyika mwaka 1955. Kwa Kijerumani liliitwa Jugendweihe, yaani kuwekwa wakfu kwa vijana. Mtoto aliyekaribia kumaliza darasa la nane alishonewa nguo mpya, akaingia ukumbi uliopambwa maua, akapigiwa muziki, akasikiliza hotuba, akatamka kiapo pamoja na wenzake. Alipewa ua, cheti na kitabu kinene kiitwacho Weltall, Erde, Mensch, maana yake Ulimwengu, Dunia, Binadamu, kilichoeleza mambo yote hayo matatu bila Muumba. Kisha nyumbani: shangazi na wajomba wamefika, meza imejaa, zawadi zimepangwa. Kila kitu cha kipaimara kilikuwapo isipokuwa Mungu.

Mara ya kwanza walijitokeza wachache. Kanisa lilisema wazi kwamba mtoto hawezi kula meza mbili: atakayekwenda ukumbini hatabarikiwa kanisani. Septemba 1957 kiongozi wa chama, Walter Ulbricht, alihutubia mjini Sonneberg na kutaka sherehe ile iwe ya watoto wote. Tangu hapo mwalimu alibisha hodi nyumbani, na baba akaitwa na mkubwa wake kazini. Hakuna aliyefungwa. Mtoto aliyekataa alijua tu kwamba nafasi ya kuendelea na masomo huenda ikampita. Kufikia mwaka 1960 vijana karibu tisa kati ya kumi walikuwa wakishiriki, na Kanisa likalegea: likakubali kuwabariki na hao pia, baada ya kungoja mwaka mmoja.

Tusiwahukumu upesi. Mzazi wa Leipzig aliwaza kama ambavyo wengi wetu tungewaza: ni sherehe tu, Mungu anaujua moyo wa mwanangu, akishapata shule tutarudi. Lakini hebu tuutazame ule mwaka wa kungoja. Mtoto ameshavaa suti, ndugu wameshasafiri, pesa zimeshatumika. Nani atawaita tena wajomba wote mwaka unaofuata? Kipaimara hakikukatazwa na mtu, kilichelewa, kikapita. Yule kijana alipopata mtoto wake mwenyewe hakuona sababu ya kumpeleka kwenye ubatizo, na bibi, kwa kuwa hakutaka ugomvi, alinyamaza.

Na bado zilikuwepo nyumba zilizobaki. Tumejiuliza zilikuwa na nini.

Kitu kimoja tunakiona katika kitabu tunachokifahamu sote. Luther alipoitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529 aliielekeza kwa mwenye nyumba, ili awafundishe watu wa nyumbani kwake. Baadaye kazi hiyo ilihamia kwa mwalimu wa shule, kule kwao na kwetu vilevile, na wazazi wakapumua. Serikali ilipoondoa dini shuleni, nyumba iliyokuwa imemwachia mwalimu kila kitu ilibaki mikono mitupu. Sharika zilifungua madarasa ya mafundisho ya Kikristo katika vyumba vyao, baada ya saa za shule. Walimu wengine waliwauliza watoto mbele ya darasa ni nani kati yao anayekwenda huko. Mtoto wa miaka minane aliyesimama peke yake mbele ya wenzake 30 alihitaji kuwa amesikia nyumbani, kabla ya siku hiyo, kwa nini anasimama.

Kitu cha pili ni kidogo sana. Ndugu zetu Wamoravian wa Herrnhut wana kijitabu cha neno la kila siku, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1731. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura, na wa Agano Jipya huchaguliwa kuufuata. Vita viwili vikuu vilipita, dola zikabadilika, kijitabu kikaendelea kutoka. Familia zilikisoma mezani kabla ya watu kutawanyika kwenda kazini na shuleni. Ni dakika mbili, wala haihitaji baba aliyesoma theolojia. Tuseme kweli, hata baba mwenye usingizi anaweza kukisoma.

Kitu cha tatu kiliuma: wazazi waliwaambia watoto gharama. Nyumba mbili za wachungaji zinajulikana duniani. Mchungaji Horst Kasner alihama kutoka Magharibi mwaka 1954 akiwa na mtoto mchanga, akaja kutumika Mashariki, na baadaye akakaa Templin. Mkewe alikuwa mwalimu, lakini hakupata nafasi ya kufundisha katika shule za serikali. Binti yao Angela alibarikiwa kanisani mwaka 1970 na hakufanya ile sherehe ya ukumbini. Hata hivyo alikuwa mwanachama wa umoja wa vijana wa serikali, akaruhusiwa kwenda Leipzig kusoma fizikia, na hatimaye akawa kansela, Angela Merkel. Tunaona kwamba nyumba ile iliinama mahali pamoja ikakataa kuinama pengine. Mahali pa kukataa walipachagua mapema, mtoto akapajua.

Huko Rostock, Mchungaji Joachim Gauck, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Ujerumani, aliona watoto wake wakizibiwa njia ya masomo ya juu. Wanawe wawili wa kiume walihamia Magharibi mwaka 1987. Baba alibaki na usharika wake. Hatuwezi kuisimulia habari hii kama ushindi tu. Ipo meza iliyobaki na viti vitupu kwa ajili ya jambo hili.

Yako pia mambo ambayo familia moja haiyawezi. Katika Thuringia kuna eneo linaloitwa Eichsfeld, lenye vijiji vya Kikatoliki vilivyozungukwa na Waprotestanti pande zote. Dola ilikuwa ileile, kitabu kilekile kinene, mwalimu yuleyule mwenye kubisha hodi. Lakini Eichsfeld ilibaki ya kidini kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Mashariki, hata leo. Huko mtoto aliyekwenda kanisani hakuwa peke yake, kwa sababu jirani alikwenda, na mwenye duka, na fundi. Kila siku ya Kupaa kwa Bwana wanaume walikusanyika kwa maelfu kwenda kuhiji kwenye kanisa dogo la Klüschen Hagis. Tunasema wanaume, na tunaomba wasomaji wetu wanaume wasipite hapo haraka. Katika sharika zetu nyingi mama ndiye anayewavalisha watoto na kuwapeleka, baba akisema atawafuata.

Watu wa Leipzig wenyewe hutajwa kwa sifa kwa sababu ya mwaka 1989. Tangu 1982, kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, kulikuwa na maombi ya amani katika kanisa la Mtakatifu Nikolao. Ziko Jumatatu ambazo walikuja watu wa kuhesabika kwa vidole. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini baada ya maombi, wakiwa na mishumaa, na hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Tungetamani habari iishie hapo. Lakini wengi wa wale 70,000 hawakuwa waumini, na uhuru ulipokuja hawakurudi makanisani. Zaidi ya hapo, sherehe ya ukumbini haikufa pamoja na chama. Hakuna mwalimu anayebisha hodi tena, hakuna nafasi ya shule inayotishiwa, na bado kila masika wazazi kwa hiari yao wanakodi ukumbi, wananunua nguo, wanawaita wajomba. Serikali iliwalazimisha wazazi. Wajukuu hawakulazimishwa na mtu, walifuata tu walichokikuta nyumbani.

Sisi hatuna chama kinachopinga Mungu. Mikutano yetu ya kiserikali hufunguliwa kwa sala, na mabasi yetu yameandikwa mistari ya Biblia. Tena tunayo historia yetu ya kutosha: mwaka 1920 Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Leipzig, waliobaki na watoto na katekisimu ni walimu na wazee wetu wa Kiafrika, bila mshahara wa kutegemewa, na sharika hazikufa. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba habari za Leipzig ni za Wazungu.

Hebu basi tuitazame sherehe yetu ya kipaimara. Suti na gauni jeupe vipo, na ukumbi, mshereheshaji, keki, foleni ya zawadi, picha za kutuma kwa ndugu walioko mbali. Katekisimu mtoto ameikariri kwa mwalimu wa kipaimara, mwinjilisti au parishi weka, siyo kwa baba yake. Wengi wetu hatujui kama anaielewa. Wiki mbili baadaye tunaanza kuulizana yule kijana kaenda wapi. Shule ya bweni imemchukua, au masomo ya ziada ya Jumapili, au simu ambayo hulala nayo na kuamka nayo. Mgeni akiingia ukumbini baada ya ibada, akakosa kuiona keki iliyoandikwa mstari, angejuaje kwamba ile si Jugendweihe?

Tumewahi kukaa katika baraza la wazee, mzazi mmoja akaja na ombi. Mwanawe alikuwa mwaka wa pili wa mafundisho, na Jumamosi darasa la kipaimara liligongana na masomo ya ziada ya kujiandaa na mtihani. Aliomba kijana aruhusiwe kukosa mpaka mtihani upite. Siku ya kubarikiwa atakuwepo, alisema, tusiwe na wasiwasi, ukumbi umeshalipiwa. Alizungumza kwa heshima, na ni mtu anayetoa ahadi yake kila mwaka bila kukumbushwa. Tulikubali bila majadiliano marefu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama nyumbani kwake wanasali pamoja na saa ngapi, labda kwa sababu naye angeweza kutuuliza sisi hivyohivyo.